Supu Iliyokwenda Maabara

Mkabala na geti la karakana ya mabasi palikuwa na kibanda cha mabati kisicho na kibao cha jina, wala hakikukihitaji. Mgeni akiuliza pa kupata kifungua kinywa aliambiwa, "Fuata pua yako." Hapo ndipo Mama Supu alipouza supu ya samaki kwa miaka kumi na tisa. Mafundi wa karakana walikuwa na mzaha wao kwamba basi likigoma kuwaka, dawa ni kulimiminia bakuli moja tu la supu ile.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwepesi wa miguu, na mdomo wake haukuwa na breki. Mteja akilalamika kwamba pilipili imezidi, alimjibu, "Mwanangu, pilipili isiyowasha ni ile usiyoila. Hii unaila. Vumilia." Aliyechelewa akakuta supu imekwisha aliambiwa kesho aamke kama watu wenye njaa. Lakini mdomo huohuo ndio uliomuuliza fundi breki kila asubuhi hali ya mkewe aliyevunjika mguu, na mkono wake uliongeza kipande cha pili, kimyakimya, kwa yeyote aliyeonekana kuamkia upande mbaya.

Samaki aliwachagua mwenyewe sokoni kila alfajiri, kwa shoga yake aliyeuza kwa jumla. Aliwataka wadogo, wa kiganja kimoja, kwa sababu aliamini utamu uko kwenye mifupa. Alifunua matamvua yao kuona kama bado ni mekundu, akawanusa, akawarudisha wale waliomtia shaka. Akishafika kibandani aliwapaa magamba, akawatoa matumbo, akawachemsha taratibu kwa nyanya, tangawizi na malimau. Malimau hakuyahesabu. Alikamua mpaka supu ikamkunja mtu uso, kisha akaiacha juu ya mkaa saa nne nzima.

Sufuria aliyopikia ilikuwa kubwa kiasi cha kumwogeshea mtoto, nene, ya kijivu, na ilikuwa zawadi. Kaka yake alikuwa mhunzi. Aliyeyusha vyuma chakavu na kuvimimina katika kalibu za mchanga, vikatoka masufuria, makaango na miiko. Kwa ajili hiyo watu walimwita Kalibu, na kila aliyepita nje ya banda lake alipiga kelele, "Karibu kwa Kalibu!" akidhani ndiye wa kwanza kubuni mzaha huo. Miaka miwili nyuma sufuria ya zamani ya dada yake ilipotoboka, Kalibu alimsubia hii, akaibeba begani mwenyewe hadi kibandani.

Nyumbani Mama Supu aliishi na mwanawe wa pekee, fundi umeme, pamoja na mke wa mwanawe, ambaye alikuwa mshonaji. Mumewe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Vijana hao walikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto, na miaka saba si mchezo. Majirani walianza kuuliza kwa macho, kisha kwa mafumbo, kisha waziwazi. Mama Supu aliwakata kauli. "Mtoto si embe," alisema, "useme utautikisa mti aanguke."

Basi mkazamwana wake aliposhika mimba, Mama Supu alilia mbele ya wateja, akasingizia vitunguu. Kila jioni alijaza supu kwenye chupa ya chai, akampelekea chumbani, akasimama mlangoni mpaka tone la mwisho limekwisha. Mwezi wa kwanza binti alikunywa. Wa pili alianza kusitasita. Wa tatu, kifuniko kilipofunguliwa tu, alikimbilia uani ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Mama, nisamehe," alisema aliporudi, macho yamemjaa machozi. "Supu yako si mbaya. Ni huyu aliye ndani."

"Huyo aliye ndani ni mjukuu wangu. Hawezi kukataa supu yangu."

"Basi njoo umwambie wewe, maana mimi hanisikilizi."

Tangu siku hiyo mume wake alinunua samaki walewale, akawapaka chumvi na kuwachoma juu ya wavu wa waya, na hao binti aliwala bila shida. Mama Supu alinuna. Alinuna kama mama mkwe ajuavyo kununa: hakusema neno baya hata moja, ila aliacha kusema yale mazuri. Akiulizwa chakula kiko wapi, alijibu, "Waulizeni wenye wavu." Miezi mitatu ikapita hivyo.

Asubuhi moja ya Jumanne, benchi likiwa limejaa, mchomelea vyuma mmoja wa karakana alikuwa akipekua simu yake huku anakunywa. Ghafla akainua mkono.

"Sikilizeni hii. Watafiti wamekuta madini mazito kwenye samaki wa soko letu. Zebaki na risasi. Wanasema wajawazito na watoto ndio walio hatarini zaidi."

"Risasi ya bunduki?" mmoja aliuliza.

"Risasi madini, wewe. Ile ya kwenye betri."

Kijiko kimoja kikawekwa chini. Kisha cha pili. Fundi breki, ambaye kila siku alimchukulia binti yake mdogo supu kwenye kikopo, alikitazama kikopo kile, akakifunga, akakiacha mezani. Hakuna aliyegomba. Waliaga kwa adabu zote, na adabu hiyo ndiyo iliyomtisha Mama Supu. Alishazoea kuagwa kwa matusi ya mapenzi.

Ijumaa yake sufuria ilifika adhuhuri ikiwa imejaa vilevile. Sokoni, shoga yake wa jumla alikaa nyuma ya meza yake amekunja mikono, akifukuza nzi kutoka kwa samaki ambao hakuna aliyewauliza.

"Tumekwisha, shoga yangu," alisema.

Mama Supu aliitikia tu. Ukweli ni kwamba mawazo yake hayakuwa kwenye biashara. Biashara huanguka na kuinuka, hilo alilijua. Aliyokuwa akiyafikiria ni zile chupa za mwezi wa kwanza na wa pili, na yeye mwenyewe kusimama mlangoni kama askari, kuhakikisha kwamba zimekwisha.

Alipofika nyumbani alimkuta mwanawe anafunga waya za feni. Akaketi juu ya ndoo bila kuvua kanga.

"Nimemlisha sumu kwa mkono wangu," alisema.

"Nani?"

"Mkeo. Na aliye tumboni. Miaka saba tunaomba, halafu mimi ndiye nimpelekee sumu kwenye chupa ya chai."

"Mama, hatujajua bado."

"Ndiyo maana nakwenda kujua."

Muuguzi wa kliniki aliwaelekeza kwenye maabara ya chuo, walikokuwa watafiti wenyewe. Jumatatu Mama Supu alifika getini na mkazamwana wake, kichwani amebeba beseni la samaki waliofunikwa kwa kitambaa chenye maji, mkononi chupa ya chai. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Mama, hapa hatununui samaki."

"Sikuja kuuza. Nimekuja kuwapima."

"Wana homa?"

"Wangekuwa na homa ningewapeleka kwa daktari. Fungua geti, baba, kabla hawajaoza mikononi mwako."

Mtafiti aliyewapokea alikuwa dada mwembamba, koti jeupe limempita magoti, miwani imemshukia puani. Chumba chake kilikuwa na baridi ya jokofu. Mezani kulikuwa na mizani ndogo ndani ya kisanduku cha kioo, visu vya plastiki, na safu za vichupa vyenye namba. Alimsikiliza Mama Supu mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si wengi waliliweza.

"Mama, ile taarifa ilikatwa nusu," alisema kwa upole. "Sisi tulipima samaki wa sehemu nyingi. Wenye zebaki nyingi ni wale wakubwa, hasa waliovuliwa pale mfereji wa viwanda vya zamani unapomwagika. Samaki mkubwa hula wadogo, na wale wadogo wamekula wadogo zaidi. Zebaki haitoki upesi mwilini, kwa hiyo kila anayekula anaongezewa ya wenzake. Lakini samaki wako sijawapima, siwezi kukudanganya."

"Wapime. Na sisi utupime."

"Nitawapima. Na hiyo chupa?"

Mama Supu aliona haya kidogo. "Hiyo ni yako. Mtu haendi ugenini mikono mitupu."

Dada yule akafungua kifuniko, akanusa, akafumba macho. "Mama, sijatia kitu mdomoni tangu jana jioni," alisema. "Lakini kwa leo hii nayo itakwenda mashineni." Akaandika namba kwenye kichupa, akakijaza supu. Kisha akaomba nyanya moja, limau moja na maji ya kibandani, vyote Mama Supu aliahidi kuvileta kesho yake, na alivileta.

Ilipofika zamu ya damu, binti alikaza uso. Mama Supu akatangulia kuutandaza mkono wake juu ya meza.

"Toa nyingi tu, mwanangu. Mimi ninayo ya akiba."

Mkazamwana akacheka, mara ya kwanza kwa juma zima.

Waliambiwa wasubiri siku kumi. Mama Supu hakujua kusubiri, hakuwahi kufunzwa. Alifunga kibanda, akasugua masufuria ya nyumbani mpaka mwanawe akamsihi ayahurumie. Alizungumza na binti kwa sauti laini isiyo yake, na binti akamnong'oneza mumewe kwamba afadhali angeendelea kununa.

Kalibu alikuja kumtembelea siku ya sita. Alikaa kwa kujikunja, mkono tumboni. Kwa mwaka mzima tumbo lilikuwa likimsokota, viungo vinamuuma, na hasira zake, ambazo zamani zilikuwa za kuchekesha, zilikuwa zimegeuka kweli. Alishagombana na kila jirani wa banda lake.

"Samaki, samaki," alisema. "Tumekula samaki tangu tuna meno ya utotoni, tumekufa?"

"Wewe hujitazami kwenye kioo. Umekonda kama mwiko. Nani anajua kama si samaki haohao?"

"Si samaki," alisema Kalibu, akageuza uso ukutani.

Siku ya kumi simu iliita wakati Mama Supu anafua nguo. Aliipokea kwa mikono yenye povu. Waliingia maabara watatu, yeye, mwanawe na mkazamwana, wakaketi kwa mpangilio kama watu wanaosubiri hukumu. Dada wa maabara alikuwa na karatasi mbili, na alianza na ile ya samaki.

"Samaki wako ni wazima, Mama. Zebaki ipo kidogo sana, chini kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Risasi hakuna ya kuhesabika. Ni wadogo, na wanatoka maji ya mbali. Ungechagua kwa kitabu usingechagua vizuri zaidi."

Mama Supu alifunika uso kwa kanga. Mabega yakaanza kumtikisika. Mwanawe akamshika mgongo.

"Ngoja, Mama, sijamaliza," alisema dada. "Ile supu ina risasi. Nyingi. Nimepima mara tatu nikidhani nimekosea. Imezidi kiwango mara tisa."

Mama Supu alishusha kanga taratibu.

"Risasi imeingiaje kwenye supu kama haimo kwenye samaki?"

"Ndilo lililoninyima raha. Maji yako ni safi. Nyanya ni safi. Limau ni safi. Unapikia nini?"

Mama Supu alijibu kwa sauti ndogo ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia. "Sufuria ya kaka yangu."

Dada alieleza bila kulaumu. Vyuma chakavu vikichanganywa ovyo, risasi huingia humohumo na hakuna jicho linaloweza kuiona. Maji matupu huitoa kidogo, lakini limau huila sufuria, hasa likichemka humo saa nne. Kadiri supu inavyokuwa kali ndivyo inavyokomba zaidi. Damu ya Mama Supu ilikuwa na risasi kupita inavyotakiwa. Haikuwa ya kumlaza hospitali, lakini haikuwa ya kupuuza.

"Mimi niache," alisema Mama Supu. "Huyu je?"

Dada akachukua karatasi ya pili, na hapo uso wake ulifunguka. "Huyu ndiye aliyenishangaza. Mnaishi nyumba moja, lakini damu yake ni safi karibu kama ya mtu asiyewahi kuionja hiyo supu. Ilibidi nipime tena. Dada, wewe hunywi supu ya mama?"

Binti alimtazama mama mkwe wake, akatazama sakafu. "Nilikunywa mwanzoni. Halafu ikawa inanitapisha. Nikawa nakula samaki wa kuchoma tu."

"Kwa muda gani?"

"Miezi mitatu na zaidi."

"Basi tumbo lako limekufanyia kazi ya maana. Kilichoingia mwanzoni kimeshapungua sana. Tutakufuatilia mpaka ujifungue, lakini sioni cha kukunyima usingizi. Endelea na samaki wako wadogo, wana faida kwako na kwa mtoto."

Mama Supu aliinuka. Akamkumbatia mkazamwana wake kwa namna ambayo kiti kilianguka, na alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja hata maneno yakagongana. "Umenitapikia supu miezi mitatu nikakununia! Mwanangu, tapika! Ungetapika tangu siku ya kwanza!"

"Mama, unanibana," alisema binti, naye machozi yakimtiririka.

Walitoka nje, na Mama Supu akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. Kisha akakumbuka kwamba bado kulikuwa na mahali pa kwenda, na mahali penyewe ni kwa kaka yake. Akawaambia vijana watangulie nyumbani.

Alimkuta Kalibu anapepea moto, uso umemuiva kwa joto, moshi wa chuma umejaa banda. Kando yake kulikuwa na lundo la mabomba, radieta za magari, na mabamba meusi yaliyotolewa kwenye betri.

"Kaka, zima moto kwanza. Nina neno."

"Neno gani lisilosemeka moto ukiwaka?"

"La ile sufuria."

Alimwambia yote. Kalibu alisikiliza mpaka neno risasi, kisha akaipiga teke ndoo ya mchanga, ikaviringika mpaka nje.

"Unaniambia mimi nimekulisha sumu? Mimi?"

"Nakwambia tumeila wote wawili. Mimi kwa kijiko, wewe kwa pua."

Kaka mtu alisimama mlangoni amempa mgongo. Moto ukafifia wenyewe. Aliporudi, aliketi juu ya gogo na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Pistoni ziliadimika," alisema. "Hizo ndizo nilizokuwa natumia zamani. Zilipoadimika nikawa natia chochote kinachoyeyuka. Nilijiambia chuma ni chuma."

"Hukujua, kaka."

"Sikujua. Lakini pia sikuuliza." Akajikamata tumbo. "Na hili tumbo?"

"Ndilo lililonileta. Kesho asubuhi tunakwenda kupimwa. Ukikataa nitakubeba begani, na unajua naweza."

Damu ya Kalibu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Alilazwa, akapewa dawa ya kuivuta risasi itoke mwilini, na baada ya majuma machache tumbo lililomsokota mwaka mzima likatulia. Hasira zikapungua hata wauguzi wakamzoea. Siku moja dada yake alipompelekea uji, alimshika mkono na kumwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Unakumbuka baba alivyokufa? Kwa tumbo. Langu lilipoanza nikasema ndilo lilelile, limenifuata. Mwaka mzima sikuthubutu kwenda hospitali. Wosia nilishaandika, nikauficha chini ya kalibu."

"Na mimi uliniachia nini?"

"Sufuria."

Walicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akagonga ukuta.

Lakini kabla ya hapo, kulikuwa na asubuhi moja ngumu ambayo Mama Supu hakuikwepa. Angeweza kubadilisha sufuria kimya, akafungua kibanda, akasema samaki wamepimwa ni wazima, na hakuna ambaye angejua zaidi. Mwanawe alimnunulia sufuria ya chuma cha pua, inang'aa kama kioo. Siku ya kwanza ya kufungua aliiweka juu ya mkaa, akasubiri watu wajae, wengi wao wamekuja kwa udadisi kuliko njaa. Kisha akagonga upawa ukingoni.

"Kabla sijamchotea mtu, nina la kusema. Samaki wetu wamepimwa, hawana kosa. Wale wakubwa wa mdomo wa mfereji ndio tusiwaguse. Kosa lilikuwa kwangu. Sufuria niliyopikia miaka miwili ilikuwa inatoa risasi, na supu ya limau ikaikomba ikawaletea. Sikujua, lakini mlikunywa kwangu. Alhamisi watu wa maabara watakuja na hema hapa getini, watapima bure kila aliyekunywa. Leteni watoto. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo."

Mtu mmoja aliyekuwa nyuma alitema mate chini, akaondoka, na huyo hakurudi tena kwake maisha yake yote. Fundi breki alikuwa amesimama, uso hausomeki.

"Binti yangu alikunywa kila siku," alisema.

"Najua, baba. Huyo nimemwandikisha wa kwanza."

Fundi breki aliitikia kwa kichwa, akaketi. Ndipo mchomelea vyuma akavunja kimya. "Kwa hiyo miaka miwili tumekuwa tunakunywa betri? Ndiyo maana mimi sichoki kazini."

"Wewe huchoki kwa sababu hufanyi kazi," mwenzake akamjibu, na kicheko kikapita kibanda kizima, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi.

Alhamisi hema lilikuwa na foleni mpaka kona ya barabara. Wengi walikutwa na risasi iliyozidi kidogo. Binti wa fundi breki na watoto wengine wawili walikuwa juu zaidi, wakapangiwa kurudi kliniki kila mwezi, wakaambiwa wale vyakula vya kuongeza damu, na maziwa. Shida kubwa, walisema wauguzi, ilikuwa imeshakwisha siku ile sufuria ilipoondolewa jikoni. Baada ya miezi mitatu vipimo vya watoto wote watatu vilikuwa vikishuka, na fundi breki alimletea Mama Supu karatasi ile ya kliniki, akamwonyesha kwa kidole kilichojaa grisi. Kisha akaagiza mabakuli mawili.

Sokoni nako mambo yalinyooka. Wavuvi walikubaliana kutotega tena kwenye mdomo wa mfereji, na meza ya shoga yake ikawekewa kibao kilichoeleza samaki wanatoka wapi. Kalibu alipotoka hospitali alizunguka nyumba kwa nyumba akiyadai masufuria yote aliyouza kwa miaka miwili ile. Wengine walimtukana, wengine walimpa na chai juu. Aliyavunja kwa nyundo mbele yao ili wasidhani anakwenda kuyauza kwingine. Siku hizi anasubu miguu ya mabenchi na mapambo ya mageti, amevaa barakoa, na akipitiwa na mtu anayesema "Karibu kwa Kalibu," anajibu kwa heshima.

Mkazamwana alijifungua mchana wa Jumapili, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Alilia kwa nguvu hata muuguzi akasema huyu hatakosa kazi ya kutangaza mpira. Walimpima damu ya kitovu, na majibu yalikuwa mazuri. Mama Supu alimpokea, akamhesabu vidole vya mikono, akavihesabu vya miguu, akarudia kuhesabu vya mikono.

"Mama, ni kumi," alisema mwanawe.

"Najua ni kumi. Nimependa kuhesabu."

Mtoto alipotimiza siku arobaini, Mama Supu alirudi maabara peke yake kwa kipimo chake mwenyewe, ambacho kila siku alikiahirisha. Dada mwembamba alimtoa damu, na baada ya siku chache akampigia simu. Mama Supu alikuwa sokoni, amechuchumaa mbele ya karai la samaki.

"Mama, yako imeshuka karibu nusu."

"Hebu rudia, hili sikio langu ni zito."

"Imeshuka karibu nusu. Itaendelea kushuka."

"Nimesikia tangu mara ya kwanza, mwanangu. Nilitaka tu useme tena." Akaiweka simu kifuani, ndani ya kanga, akamgeukia shoga yake. "Nipimie wa watu sitini. Na huyo mwenye jicho la kulala mtoe, simtaki."